Tumbo la Kuazima

"Nailoni iko wapi?" Sista Temwanani aliuliza bila kuinua macho kwenye daftari.

Falesi alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha kupimia cha zahanati, nguo imepandishwa hadi chini ya matiti. Mlango ulikuwa nusu wazi kwa sababu ya joto. Nje, kwenye benchi na kando ya ukuta, wanawake wapatao arobaini walikuwa wakingoja zamu zao, na waliokaa mbele waliiona miguu yake mpaka magotini.

"Sijanunua bado, sista."

"Wembe?"

"Ninao."

"Uzi?"

"Uzi bado."

Sista alifunga daftari. "Miezi minane! Miezi minane unajua una mimba, na nailoni ya kutandika huna. Nitakuzalisha juu ya nini, juu ya majani ya mgomba? Kitenge chenyewe kimetoboka. Halafu unanuka moshi kama samaki mkavu. Huko Kamtedza maji ya kuoga mnauziwa?"

Kwenye benchi mtu alicheka. Mwingine akamfuata, kisha wote. Kilikuwa kicheko cha watu wanaojua kwamba zamu yao inakuja na wanaomba isiwe hivyo.

Mikono ya sista ilianza kulipapasa tumbo. Ilikuwa mikono myepesi, yenye kujua kazi. Ilifika ubavuni ikasimama, ikarudi, ikasimama tena palepale. Uso wake ulibadilika kidogo, lakini sauti haikubadilika.

"Mtoto amekingama. Kichwa kiko huku. Ukithubutu kuzalia nyumbani, mtakufa wote wawili, na usiseme sikukuambia. Wiki ijayo uje na vitu vyote. Mwingine!"

Falesi alishuka, akalifumbata tundu la kitenge mkononi, akapita mbele ya benchi akitazama vidole vya miguu yake. Alipofika kijitoni, watoto waliokuwa wakiteka maji walikuwa wamekwisha kupata habari. "Samaki mkavu," mmoja alinong'ona, na wenzake wakaziba midomo.

Hakukimbia. Mimba ya miezi minane haikimbii.

*

"Sirudi," alimwambia mama yake.

Dolika alikuwa akipepeta mahindi. Aliendelea kupepeta. Yeye alizaa watoto saba palepale Kamtedza, nyuma ya nyumba, akawazika wawili, na hakupenda kuulizwa habari za hao wawili.

"Sista amesema mtoto kakaaje?"

"Amekingama."

Ungo ulisimama.

"Basi utarudi, mwanangu."

"Bora nife hapa nikiitwa Falesi, kuliko nizalie kule nikiitwa samaki."

Mumewe, Gelesomo, aliyasikia yote. Alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, hatua kumi tu kutoka jikoni. Kwa desturi yetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na akishahamia hukaa kwa adabu ya mgeni hata akiwa na miaka ishirini pale. Hamsemeshi mama mkwe wake uso kwa uso. Kwa hiyo Dolika aligeukia ukuta wa kibanda akasema kwa sauti ya kutosha:

"Falesi, mwambie mumeo kwamba mwanamume mwenye mke wa mimba iliyokingama hakai anapuliza mipira ya baiskeli."

"Falesi," Gelesomo alijibu kutoka kibandani, "mwambie mama nimesikia."

"Mwambie kusikia si kufanya."

"Mwambie hilo nalo nimelisikia."

Siku nyingine Falesi angecheka. Siku ile aliingia ndani akajilaza akielekea ukuta.

*

Gelesomo alikuwa na kazi nyingine, ambayo Dolika aliiita ugonjwa. Alikuwa mwigizaji. Kikundi chao kilikuwa na watu sita, na kiongozi wao alikuwa Biziweki, fundi viatu, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni. Mwaka mzima walikuwa wakiigiza habari za vyandarua. Watu walikuja, walipiga makofi, wakarudi nyumbani wakaanikia mboga juu ya vyandarua vilevile.

"Tumewachosha watu kwa habari za mbu," Biziweki alisema kwenye mazoezi ya Jumatano. "Nani ana jambo lenye damu ndani yake?"

Gelesomo akalisimulia la mkewe. Alilisimulia vizuri mno. Aliigiza sauti ya sista, kile Kichewa chake cha watu wa kaskazini chenye kukatakata maneno, na kikundi kizima kikagaagaa kwa kicheko. Mainala, mama mnene anayeuza mandazi sokoni, akapewa nafasi ya sista. Gelesomo angekuwa mwenye mimba. Tumbo lake lingekuwa gunia lililojazwa maganda ya mahindi.

Alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Falesi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo kicheko cha benchi hakikutosha. Umenipeleka na kwa Biziweki."

"Mke wangu, tunataka watu waone..."

"Waone nini? Mwanamume na gunia? Uliniuliza?"

Gelesomo alilishusha gunia begani.

"Uliniuliza, Gelesomo?"

"Sikukuuliza."

"Lile jambo ni langu. Miguu iliyoonekana ni yangu. Wewe umelichukua kama mtu anayeokota spana njiani."

Alikaa chini pale mlangoni, mwanamume mzima, mikono yenye grisi juu ya magoti. Akasema, "Kesho nitawaambia tuache. Turudi kwenye mbu."

Falesi alipika, wakala nsima, ugali wetu, na majani ya maboga. Asubuhi, Gelesomo akiwa amebeba gunia lake kulirudisha, mkewe alimwita.

"Livae nione."

Alilivaa.

"Ndivyo anavyosimama mwenye mimba? Umesimama kama mtu aliyeiba tikiti. Mkono mmoja mgongoni. Ndiyo. Sasa lala." Gelesomo akalala mkekani. "Hapana, usitazame juu. Mimi nilitazama ukuta, mahali rangi ilipobanduka. Nililitazama lile pengo la rangi mpaka akamaliza. Na ukishuka, usichekeshe. Shika kitenge hivi, tundu liwe ndani ya ngumi." Alimkunja vidole mwenyewe. "Wakicheka, wamcheke sista. Mimi usinifanye kichekesho. Na lile la samaki mkavu usilitoe. Uliseme kama lilivyosemwa."

Dolika, aliyekuwa akifagia, alisimama na ufagio akamtazama mkwewe amelala mkekani na tumbo la gunia, binti yake amepiga magoti akimfundisha aibu. Akatema mate pembeni, akaendelea kufagia. Lakini alifagia palepale, muda mrefu.

*

Ilibaki ruhusa ya chifu. Chifu wetu ni mwanamke, Mama Nasiwelo, na hakupenda alichosikia.

"Miaka miwili ile zahanati ilikuwa na kufuli," aliwaambia. "Mnakumbuka? Tulikuwa tunabeba wagonjwa kwa machela mpaka barabara kuu. Tumeletewa sista mmoja. Mkali, ndiyo. Lakini yupo. Mkimfanyia dhihaka akafunga sanduku lake akaondoka, nani atanizalishia wajukuu? Wewe Biziweki na sindano yako ya viatu?"

"Mama chifu, hatutataja jina."

"Sista yuko mmoja! Mtataja jina la nini?"

Hapo Falesi, ambaye hakuna aliyemwita, alisema kutoka nyuma: "Mama, mimi mwenyewe ninaogopa aondoke. Lakini nikirudi kule na haya moyoni, siwezi. Na nisiporudi, ninakufa. Sasa mnaonaje?"

Chifu alimtazama tumbo, kisha uso.

"Siku ya mizani," akasema hatimaye. "Mchana, mbele yangu. Atakayetoa tusi atanipa mbuzi."

*

Siku ya mizani akina mama wa vijiji vitano huleta watoto kupimwa. Mizani huning'inizwa kwenye tawi mbele ya zahanati, na watoto huning'inia kwenye vile vikaptura vya kamba wakilia kama wamepelekwa kuchinjwa. Sista Temwanani alikuwa akiandika kilo. Alipoona ngoma inaletwa, alisema, "Mbu tena?" na akaendelea kuandika.

Gelesomo aliingia uwanjani na tumbo lake. Watu walicheka, kama kawaida. Kisha Mainala akakaa kwenye kiti, akafungua daftari, akasema bila kuinua macho, "Nailoni iko wapi?"

Kicheko kilikatika. Vichwa vikageuka kwenye mizani, vikarudi haraka.

Walicheza yote. Mlango nusu wazi, miguu, wembe, uzi. Gelesomo alitazama ukuta usiokuwapo, na hakuchekesha. Mainala aliposema samaki mkavu, wanawake kadhaa wakainamia watoto wao, kwa sababu benchi lile waliwahi kulikalia na kicheko kile walikitoa wao. Gelesomo akashuka, ngumi imefumbata kitenge, akapita mbele yao polepole.

Biziweki akapuliza filimbi. Waigizaji wakaganda walipokuwa.

"Mnajua mchezo wetu," alisema. "Anayeona palipokosewa aingie, achukue nafasi, arekebishe. Nani?"

Elube ndiye aliyeingia, mama wa maneno mengi. Akalivaa tumbo, akalala, na alipoulizwa nailoni akaruka kama ametandikwa: "Na wewe mama yako alikuzalia kwenye zulia?"

Uwanja ulilipuka. Watu walipiga vigelegele. Mama Nasiwelo alishika kichwa. Biziweki akangoja watulie.

"Elube ameshinda maneno," alisema. "Vizuri. Na mtoto amegeuka? Sasa nani atamtoa?"

Ndipo Sista Temwanani alipomtoa mtoto kwenye mizani, akampa mama yake, akaja uwanjani. Watu walimpisha. Wengine walianza kufunga watoto migongoni, tayari kuondoka kabla mambo hayajaharibika.

"Mmekosea," alisema. "Mmeniwekea mgonjwa mmoja. Mle ndani sijawahi kuwa na mgonjwa mmoja. Niko na arobaini, na mikono miwili, tangu saa kumi na mbili asubuhi, na jana nilikula saa tisa. Kama mnaniigiza, niigizeni vizuri. Wekeni arobaini!"

Biziweki alifikiri haraka, nadhani haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani. "Umesema kweli, sista. Tulikosea. Basi tuonyeshe. Acha mwingine avae koti lako, ajue uzito wake."

Sista alilivua koti jeupe. Alilishika mbele yake na hakuna aliyelipokea. Mainala alirudi nyuma. Elube alitazama mbinguni.

Falesi akasimama. Alitembea mkono mmoja mgongoni, akalichukua, akalivaa. Halikufunga mbele.

Wakatazamana.

"Na wewe utakuwa nani?" Biziweki alimuuliza sista kwa upole.

Sista alimgeukia Elube. "Nipe hilo tumbo."

Sisi wa Kamtedza tumeona mengi, lakini hatukuwahi kuona sista wa serikali amefungwa gunia la maganda ya mahindi, amelala mkekani mbele ya vijiji vitano. Kabla hatujafunga midomo, Biziweki alipuliza filimbi na kupiga kelele, "Arobaini!"

Wanawake wakamvamia Falesi. "Sista, mwanangu ana moto!" "Sista, mimi nilitangulia!" "Sista, dawa uliyonipa imekwisha!" Elube akajiangusha miguuni pake akajifanya kuzimia. Wengine walisahau kwamba ni mchezo wakamwonyesha majipu ya kweli. Falesi aligeuka huku, akageuka kule, jasho likamtoka, na ghafla akapaza sauti:

"Nyamazeni! Kaeni chini, ninyi watu gani msio na adabu?"

Sauti ile ilimtoka kama si yake. Alisimama ameshika mdomo. Watu walicheka, yeye hakucheka. Kisha akamwinamia aliyelala mkekani, na akauliza, taratibu sana:

"Nailoni iko wapi?"

Kutoka pale chini sista aliona duara la nyuso, na juu yao jua. Alishusha nguo yake magotini.

"Sina," alisema.

"Kwa nini huna?"

Tulidhani atatoa jibu la kuchekesha. Alipojibu, hakujibu kama mgonjwa.

"Sijui," alisema. "Sijui kwa nini huna. Sikuwahi kukuuliza."

Falesi alikaa chini kando yake, kwa shida, koti likaburura vumbi. "Mume wangu anatengeneza baiskeli," alisema. "Mwezi huu mahindi ya watu yamekwisha. Mtu mwenye njaa hatengenezi baiskeli, anatembea kwa miguu. Ndiyo sababu. Na moshi ni kwa sababu ninapika kwa kuni mbichi, zile kavu mama anauza."

"Mbona hukuniambia?"

"Mlango ulikuwa wazi, sista."

Sista aligeuza uso, akautazama mlango wa zahanati yake. Kisha, akiwa bado amelala pale, akasema, "Basi tuanze upya. Kwanza, fungeni mlango."

Uwanjani hapakuwa na mlango. Mainala akavua kitenge chake cha juu, akakikunjua, akampa Elube ncha. Mwingine akaleta cha kwake. Dolika, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama mbali akijifanya hamjui mwigizaji yeyote, akaja na cha tatu. Vitenge vikazunguka mkeka pande zote, na wale wawili hatukuwaona tena. Tuliwasikia tu wakiongea chini kwa chini, na mara moja tukasikia mmoja akicheka, lakini hatukujua ni yupi.

*

Siku hiyohiyo sista alimpima Falesi tena, safari hii mlango umefungwa. Mtoto alikuwa bado amekingama. Sista alipanda kichuguu kilichoko nyuma ya zahanati, mahali pekee ambapo simu hushika, akapiga kwa simu yake mwenyewe mara tano mpaka hospitali kubwa wakakubali kutuma gari. Lilikuja siku ya tatu. Dolika alipanda na binti yake, amebeba sufuria, unga na mkeka, na kabla mlango wa gari haujafungwa alimtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Ulilala vizuri pale mkekani," alimwambia. "Kama mwenye mimba kweli."

Gelesomo alibaki barabarani akitabasamu mpaka vumbi la gari likatua.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana, mwenye sauti ya kuuza mandazi. Bibi yake alimpa jina Ulemu, yaani heshima.

Nisiseme kwamba baada ya siku ile zahanati iligeuka paradiso. Sista wa pili tuliyemwombea kwa barua hajaja mpaka leo. Lakini mlango una pazia nene sasa. Wakati wa mavuno kila nyumba hutoa kikombe cha karanga, zinauzwa, na nailoni hununuliwa jora zima, anayekuja kuzaa anakatiwa kipande chake bila kuulizwa. Wanawake wawili hupokezana kupanga foleni na kuteka maji, na saa saba mchana humwambia sista, "Nenda ule, tutawaangalia." Yeye bado hufoka, hasa Jumatatu. Akianza, mtu kwenye benchi hupiga mluzi, kama filimbi ya Biziweki. Sista huganda mkono ukiwa hewani. Wakati mwingine hucheka. Wakati mwingine hutoka nje, hunywa maji, hurudi.

*

Ulemu alikuwa anakaribia kuota meno alipokuja yule mgeni. Ilikuwa alasiri ya Jumatano. Falesi alikuwa akimenya karanga uani, Gelesomo ameenda mazoezini. Mwanamke alisimama mwishoni mwa ua, miguu myekundu kwa vumbi la mbali, akapiga makofi mawili ya kubisha hodi.

"Samahani, dada. Ninatoka ng'ambo ya mto. Nimeulizia watu wa maigizo, wakaniambia ni hapa."

"Ni hapa. Karibu."

"Wanasema mnachukua jambo la mtu mnaliweka uwanjani, na mambo yanabadilika."

"Mara nyingine yanabadilika. Mara nyingine watu wanacheka tu, wanarudi makwao."

Mwanamke alitikisa kichwa kwamba ameelewa, lakini hakusogea. Alikuwa ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akiikunja na kuikunjua.

"Ninalo jambo," alisema. "La shemeji zangu na shamba la marehemu. Sijui kama ni la kuigizwa."

Falesi aliweka ungo wa karanga pembeni. Aliingia ndani, akaleta mkeka, akautandika upande wa kivuli, akamimina togwa kwenye kikombe. Akakaa, na alipoona wasichana wa jirani wamesimama kando ya uzio masikio yamesimama, akawafukuza kwa mkono.

"Kaa, mama," alisema. "Kama ni la kuigizwa au si la kuigizwa, hilo utasema wewe, si mimi wala si wao. Ukitaka nilisikie mimi peke yangu, nitalisikia mimi peke yangu."

Yule mwanamke akakaa. Alikunywa togwa yote, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili. Kisha akavuta pumzi, akaanza.